Alama za Njia: Hukumu ya Mtazamaji wa Kawaida kwa Filamu Zilizopungukiwa nchini Uganda, 1935–2016

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya hukumu ambazo watazamaji wasio wahakiki wa kitaalamu wamezitoa, au wamezuiwa kuzitoa, juu ya filamu zilizolenga juu zikashindwa kufika. Mifano mikuu inatoka Uganda, pamoja na michache ya Tanzania na Kenya. Hoja ya kwanza ni kwamba ushahidi uliopo unaonesha tofauti kati ya upungufu wa vyombo na upungufu wa maarifa: mtazamaji huwa mpole kwa ule wa kwanza na mkali kwa ule wa pili. Hoja ya pili ni kwamba hukumu hizi zimehifadhiwa kwa sauti zaidi kuliko kwa maandishi, na kwa hiyo ziko katika hatari ya kupotea. Makala yanahitimisha kwa kuonesha wajibu wa wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili katika kuzikusanya.

Maneno ya msingi: mtazamaji, uhakiki, filamu, vibanda, vijei, Uganda

1.0 Utangulizi

Ntinda, mtaa ulio kaskazini-mashariki mwa Kampala, ndiko yaliko makao ya Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda. Kazi ya baraza hilo inajulikana kwa kila mzazi nchini: kupima, kutoa alama na kutangaza matokeo. Katika upimaji wa namna hiyo kuna desturi moja inayofaa kukumbukwa hapa. Mtahiniwa wa hisabati aliyekosea jibu la mwisho hakosi kila kitu. Ikiwa hatua zake zilikuwa sahihi, hupewa alama za njia. Msahihishaji hutenganisha jambo ambalo mtahiniwa hakulijua na jambo ambalo alilijua ila mkono ukateleza.

Filamu haina baraza la kuipima kwa utaratibu huo. Mtazamaji wa Ntinda anaweza kulipa kiingilio katika sinema ya Acacia Mall huko Kololo, akaketi kimya gizani na kutoka bila kuulizwa neno. Anaweza pia kuingia katika kibanda cha video, akaketi kwenye benchi na kusikia filamu ya kigeni ikisimuliwa, ikifafanuliwa na kutaniwa kwa Kiluganda. Mahali pote pawili anahukumu. Tofauti ni kwamba katika mahali pa kwanza hukumu yake hubaki kifuani, na katika pa pili hukumu ni sehemu ya onyesho lenyewe.

Uhakiki wa filamu Afrika Mashariki umeshughulika sana na waongozaji, maudhui na itikadi. Mtazamaji ametajwa mara nyingi kama mpokeaji, na ni nadra kutajwa kama mtu mwenye vigezo vyake. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanauliza: filamu yenye nia kubwa inapopungukiwa, mtazamaji asiye na cheti cha uhakiki hutumia vigezo gani kuihukumu? Na historia imeifanya nini hukumu hiyo?

2.0 Mtazamaji anayepimwa: 1935–1955

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulifanya kazi kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika. Uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi wake wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walichapisha taarifa ya kazi hiyo mwaka 1937. Filamu 35 zilitengenezwa, nyingi zikihusu kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Zilioneshwa katika safari ndefu iliyopita Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini.

Nia ya mradi ilikuwa kubwa, vyombo vyake vilikuwa hafifu. Filamu zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, na sauti haikuwa ndani ya mkanda. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, kisha santuri ikachezwa sambamba na picha. Kuvioanisha viwili hivyo kulikuwa kazi ngumu. Serikali za makoloni hazikukubali kuubeba mradi baada ya fedha za mwanzo kwisha, nao ukafa.

Jambo muhimu kwa mjadala huu ni nafasi aliyopewa mtazamaji. Waandaaji walitaka kujua watazamaji waliionaje kazi yao, na hilo ni la kusifiwa. Lakini maoni hayo yalisomwa kama kipimo cha akili ya mtazamaji, si kipimo cha filamu. Mtazamaji asipoelewa, swali lililofuata lilikuwa kama Mwafrika anaweza kuelewa picha. Ni mara chache lilikuwa kama picha ilitengenezwa vizuri.

Mtazamo huo ulikomazwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya nchini Nigeria, alisisitiza kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, ziepuke hila za kamera, na zisiruke kutoka tukio moja hadi jingine bila kuunganishwa.

Simulizi mashuhuri kuliko zote za enzi hiyo ni ile ya kuku. Filamu ya afya ilioneshwa kwa wanakijiji, na walipoulizwa waliona nini wakajibu kwamba waliona kuku. Waandaaji hawakujua kwamba filamu yao ilikuwa na kuku, hadi walipoukagua mkanda na kumkuta akipita ukingoni mwa picha kwa kitambo kifupi. Marshall McLuhan aliirudia simulizi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na kwa miongo kadhaa imetumiwa kuthibitisha kwamba watu wasiojua kusoma hawaoni picha nzima.

Simulizi hiyo inaweza kusomwa kinyume. Watazamaji waliona kilichokuwamo. Waliokosa kukiona ni waliotengeneza filamu. Kuku alikuwa kiumbe pekee aliyetenda mambo kwa namna ambayo wanakijiji waliifahamu, katikati ya watu waliokuwa wakiigiza somo. Kama jibu la wanakijiji lingechukuliwa kuwa uhakiki, lingekuwa na maana iliyo wazi: somo lenu halikutushika, kuku ametushika. Hukumu hiyo ilitolewa kwa neno moja tu, ikaandikwa katika daftari la mtu mwingine kama kosa la aliyeitoa.

Hata hivyo, magari ya sinema yaliacha urithi mmoja uliozaa matunda baadaye. Kwa kuwa watazamaji walizungumza lugha nyingi, palihitajika mtu wa kusimama kando ya pazia na kueleza. Mfafanuzi huyo alipewa maandishi ya kufuata, lakini sauti yake haikuweza kufungwa kamba. Alipotaja jina la kijiji kilekile au kumtania mzee aliyeketi mbele, filamu ya London ilikuwa imeshaanza kuwa ya wenyeji.

3.0 Picha za Amin na swali la ukweli

Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, biashara ya sinema mjini Kampala, ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwao, ilidhoofika. Jengo la Sinema ya Norman, mojawapo ya kumbi zilizojulikana sana katikati ya mji, baadaye likawa kanisa. Lakini katika miaka hiyohiyo Uganda yenyewe iligeuka kuwa mada ya filamu, na hapo swali la nani ana haki ya kusema kuwa filamu imekosea likachukua sura nyingine.

Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitoa filamu kuhusu Idi Amin, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Amin mwenyewe. Amin alipopata habari za jinsi ilivyopokelewa Ulaya, alidai baadhi ya sehemu zikatwe. Schroeder alipokataa, raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda walikusanywa hotelini, na vipande vikakatwa. Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Hapa yupo mtazamaji asiye mtaalamu aliyesema kwamba filamu imepungukiwa, na akasikilizwa mara moja. Kilichompa usikivu hakikuwa hoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtawala huyohuyo alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na uhusiano wa lugha hiyo na amri za kijeshi katika masikio ya Waganda wengi haujafutika kabisa, hata baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Filamu zilizofuata zilimtazama Amin kutoka nje. Mwaka 1981 Sharad Patel wa Kenya alitoa Rise and Fall of Idi Amin, ambamo Mkenya Joseph Olita aliigiza uhusika wa Amin. Mfanano wa sura na umbo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Olita aliigiza tena uhusika huohuo katika Mississippi Masala ya Mira Nair mwaka 1991. Filamu ya Patel ilikuwa na haraka ya kusema kila kitu, na iliyapa mambo ya kutisha nafasi kubwa kuliko sababu zake. Mtazamaji aliyeishi Kampala katika miaka ya Amin alijua kwamba hofu ya wakati ule ilikuwa pia katika mambo madogo: gari lililosimama mlangoni, jirani asiyerudi, mazungumzo yaliyokatishwa ghafla.

The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald, ilikuja na uwezo mkubwa zaidi. Ilipigwa nchini Uganda, na Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, alishinda Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2007. Kwa vipimo vya ufundi, filamu hiyo ina mengi ya kusifiwa. Lakini mhusika anayebeba hadithi, daktari wa Kiskoti Nicholas Garrigan, ni wa kubuni, kutoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Kay, mke ambaye Amin alikuwa amempa talaka mwaka 1974, alikufa mwaka huohuo na mwili wake ukakutwa umekatwakatwa. Filamu ilikipa kifo hicho sababu ya kubuni: mapenzi yake na daktari huyo ambaye hakuwapo.

Sanaa ina ruhusa ya kubuni, na mtazamaji wa Uganda anaijua ruhusa hiyo, kwani ngano na maigizo yake yamejaa ubunifu. Suala ni nani anayelipa gharama ya ubunifu. Hapa maumivu ya mwanamke aliyeishi kweli, mwenye ndugu na watoto, yamegeuzwa kuwa adhabu ya kosa la mgeni wa kufikirika. Kwa mtazamaji wa mbali, huo ni mshangao wa hadithi. Kwa mtazamaji wa Kampala anayemkumbuka Kay kama mtu wa habari za mji wake, ni upungufu wa maarifa, na uhodari wa Whitaker hauwezi kuufidia.

Queen of Katwe ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2016, inatoa mfano wa upungufu mdogo zaidi wa aina hiyohiyo. Nair ameishi Kampala kwa miaka mingi na ndiye mwanzilishi wa Maisha Film Lab, mafunzo yaliyowanoa watengenezaji filamu wengi wa eneo hili. Mitaa, mavazi na mvua ya Katwe katika filamu hiyo vina uhalisi usiotiliwa shaka. Lakini mama na watoto wake huzungumza Kiingereza karibu wakati wote. Sababu za kibiashara za uamuzi huo zinaeleweka. Hata hivyo, mtu anayeijua Katwe husikia pengo hilo kabla hajaliwaza.

4.0 Kibanda na sauti ya vijei

Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, kumbi ndogo za kuonesha filamu zilichipuka Kampala. Waganda huziita bibanda, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Tanzania kumbi za aina hiyo zilipewa jina lenye kejeli na mapenzi, vibanda umiza, kwa ajili ya joto, msongamano na mabenchi yake.

Ndani ya kibanda alizaliwa vijei, mtu anayeisimulia filamu kwa Kiluganda juu ya sauti yake ya asili. VJ Jingo na VJ Junior ni miongoni mwa majina yaliyopata umaarufu mkubwa. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alifanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili, na Kenya inamjua DJ Afro. Kazi yao huitwa tafsiri, lakini jina hilo halitoshi. Vijei hueleza aliyosema mhusika, kisha huongeza kwamba mhusika huyo ni mwongo. Humwonya mpelelezi asiingie mlangoni. Humpa jasusi wa Hollywood jina la mtaa wa Kampala. Hadithi inapolegea huiharakisha, na inapokosa mantiki hukiri mbele ya wote kwamba haina mantiki.

Kwa maneno mengine, vijei ni mtazamaji aliyepewa kipaza sauti. Nafasi yake inarithi ile ya mfafanuzi wa gari la sinema, kwa tofauti moja kubwa: hakuna ofisi inayomwandikia la kusema. Malipo yake yanategemea benchi. Akichosha, watu hutoka.

Jambo hili lilipata sura yake kamili katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana IGG, mwanzilishi wa Ramon Film Productions. Gharama yake iliripotiwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu. Helikopta inayoishambulia Kampala iliundwa katika kompyuta, na hakuna anayeweza kuidhania kuwa ya kweli. Nakala ziliuzwa mitaani na waigizaji wenyewe.

Nia ya filamu hiyo, vita vya makomando dhidi ya genge la wahalifu na mji mzima chini ya mabomu, ilizidi vyombo vyake mara elfu. Tena hadithi yenyewe haikufungwa: kapteni anauawa kabla filamu haijafika mbali, ndugu yake anakuja kulipiza kisasi, na swali lililo katika jina la filamu halijibiwi. Lakini juu ya picha hizo kuna sauti ya VJ Emmie, naye anafanya kile ambacho benchi lingefanya. Anashangilia, anatania, anakejeli, anaahidi makubwa yajayo. Haufichi upungufu wa vyombo. Anautaja, na kwa kuutaja anaugeuza kuwa sehemu ya furaha.

Nabwana alilazimika kuifuta filamu ya awali katika kompyuta yake ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata. Nakala iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya vijei. Leo hakuna njia ya kuiona filamu hiyo bila kusikia hukumu ya mtazamaji wake wa kwanza. Katika historia ya sinema ni nadra hali kama hiyo kutokea: matini imepotea, na imeokolewa ndani ya uhakiki wake.

5.0 Msamiati wa hukumu

Lugha ya Kiswahili ya watazamaji ina istilahi zake, ingawa kamusi na vitabu vya uhakiki havijazipa nafasi inayostahili. Mfano mmoja ni stelingi, yaani mhusika mkuu wa filamu ya mapigano, pamoja na kanuni inayojulikana na kila mtoto aliyekulia karibu na kibanda: stelingi hafi. Huo ni mkataba kati ya filamu na mtazamaji. Anayeuvunja anatakiwa kutoa sababu. Kwa kipimo hicho, kifo cha Kapteni Alex ni uvunjaji wa mkataba, na ujio wa ndugu yake ni fidia.

Mfano wa pili ni wa kisarufi. Katika Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania, neno picha likiwa na maana ya filamu huhamishwa kutoka ngeli ya I-ZI hadi LI-YA, kama katika usemi picha linaanza. Uhamisho huo hukuza. Mzungumzaji mmoja huutumia kwa kustaajabia ukubwa wa kazi, mwingine kwa kubeza majigambo yake. Umbo lilelile hubeba sifa na kejeli, na kiimbo ndicho huamua. Ni vigumu kupata kifaa bora zaidi cha kuizungumzia filamu iliyolenga juu ikapungukiwa: kiambishi kimoja hukubali ukubwa wa nia, na kiimbo hueleza kama nia hiyo ilitimia.

6.0 Pingamizi

Hoja tatu zinaweza kutolewa dhidi ya kumpa mtazamaji huyu hadhi ya mhakiki. Ya kwanza ni ya upendeleo. Mcheza kwao hutunzwa, na huenda upole wa benchi kwa filamu ya Wakaliga ni mapenzi ya nyumbani tu. Ni kweli kwamba mapenzi yapo, na yana hatari yake, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini upole huo hauenei kila mahali. Filamu ya nyumbani yenye sauti mbovu huvumiliwa, ilhali mazungumzo yasiyofanana na ya watu wa mtaa huchekwa, hata mtengenezaji akiwa jirani.

Pingamizi la pili ni la haki. Vijei amefanya kazi yake kwa muda mrefu juu ya mali ya watu wengine, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Tena vijei huua ukimya. Filamu inayotegemea utulivu haiwezi kupona mikononi mwake. Haya ni madai ya haki, na thamani ya kihistoria ya sauti zao haiyafuti.

Pingamizi la tatu halisemwi mara nyingi. Ntinda ndiko iliko pia Shule ya Viziwi ya Uganda. Uhakiki unaokaa katika sauti peke yake unawaacha nje watazamaji ambao macho yao huenda ni makini kuliko ya wengine wote. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka dola iendeleze lugha ya alama. Utafiti wowote wa hukumu za watazamaji utakaosahau lugha hiyo utarudia kosa la Sellers kwa njia nyingine: kuamua mapema nani anaweza kuona.

7.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonesha mwendo mmoja. Katika miaka ya 1930 hadi 1950, mtazamaji aliyeona kuku aliandikwa kuwa hakuona kitu. Katika miaka ya 1970, hukumu iliyosikika ilikuwa ya mtu mwenye jeshi. Katika kibanda, mtazamaji alipata sauti, na mwaka 2010 sauti hiyo ikawa kitu pekee kilichoishika filamu isipotee.

Vigezo vyake vinafanana na vya msahihishaji aliyetajwa mwanzoni. Helikopta isiyofanana na helikopta ni mkono ulioteleza, na njia yake ilikuwa sahihi, kwa hiyo hupata alama. Kifo cha mtu halisi kilichopewa sababu ya uongo kimekosewa katika njia, na hakiokolewi na jibu zuri lililopigiwa mstari.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, kazi iliyopo ni ya dharura kuliko ya nadharia. Kanda za vijei na watafsiri zilirekodiwa juu ya kanda nyingine, zikakopiwa, zikachakaa na kufutwa kama filamu ya Nabwana ilivyofutwa. Zimebeba miongo mitatu ya uhakiki wa mdomo kwa Kiluganda, Kiswahili na lugha za mitaani. Vyuo vikuu vya eneo hili, kikiwamo Kyambogo ambacho kiko jirani kabisa na Ntinda, vina wanafunzi waliokua wakizisikiliza. Kukusanya, kunukuu na kufafanua sauti hizo kunahitaji masikio yao sasa, wakati kanda bado zinacheza na waliozirekodi bado wanaweza kuulizwa.